MADA YA 7: KUSASISHA MFUMO ENDESHI NA PROGRAMU ZA KOMPYUTA YA KAZI

Malengo ya mada

Baada ya kuirudia mada hii, mtahiniwa aweze:

(a) kueleza maana ya mfumo endeshi, programu tumizi, sasisho na kiraka;
(b) kutofautisha kusasisha na kupandisha toleo;
(c) kutoa hoja za kusasisha kompyuta ya kazi, kila hoja na mfano wake;
(d) kupanga kwa mfuatano hatua za kusasisha bila kupoteza mafaili;
(e) kueleza wajibu wa mtunza kompyuta kwa watu ambao taarifa zao zimo ndani yake.

Ielewe mada hii kwanza kwa Kiswahili. Ukishaielewa, kuijibu kwa lugha ya mtihani hakutakusumbua.

7.1 Utangulizi

Ukishuka daladala Mwenge, hutatembea mbali kabla ya kukutana na steshenari: mashine ya kutolea kopi, printa, kompyuta moja au mbili, na foleni ya watu wenye bahasha mkononi. Mmoja anataka kuchapa barua ya maombi ya kazi. Mwingine anaomba namba ya mlipakodi. Mama mmoja amekuja na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe ili kihakikiwe RITA.

Siku si nyingi nawe utasimama katika foleni hiyo. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, utataka kubadili tahasusi kwenye mfumo wa TAMISEMI, kisha uchapishe fomu ya kujiunga na shule utakayopangiwa. Baadaye utaomba chuo, na huenda pia mkopo wa HESLB. Namba yako ya mtihani, cheti chako, picha yako na nywila yako vitapita katika kompyuta ambayo si yako.

Hiyo ndiyo tunayoiita kompyuta ya kazi: kompyuta inayotumika kutoa huduma au kutunza kumbukumbu za watu wengi, iwe ya steshenari, ya duka la dawa, ya ofisi ya kata au ya shule. Ikiharibika, mwenye kompyuta hapati hasara peke yake. Shikilia jambo hilo, kwa sababu mada yote inalitegemea.

7.2 Maana ya istilahi

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia vifaa vyote vya kompyuta na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Mifano: Windows, macOS, Ubuntu. Katika simu kuna Android na iOS.

Programu tumizi ni programu inayomsaidia mtumiaji kufanya kazi maalumu, kama kuandika barua, kupiga hesabu au kusoma kurasa za intaneti. Mifano: Microsoft Word, LibreOffice, Chrome, Firefox.

Mwanya ni kosa lililomo ndani ya programu ambalo mtu mwenye nia mbaya anaweza kulitumia kuingia. Programu kubwa huwa na mamilioni ya mistari ya maelekezo yaliyoandikwa na binadamu, hivyo makosa hayakosekani.

Kiraka ni kipande cha programu kinachotolewa na mtengenezaji ili kuziba mwanya au kurekebisha kosa fulani.

Sasisho ni mabadiliko yoyote ambayo mtengenezaji anayatoa ili kuiboresha programu iliyokwisha kuwekwa. Sasisho moja linaweza kubeba viraka vingi.

Kusasisha ni kuweka masasisho hayo huku ukibaki na toleo lile lile. Kupandisha toleo ni kuhama kutoka toleo moja kwenda lingine jipya, mfano kutoka Windows 10 kwenda Windows 11.

*Zingatia:* Watahiniwa wengi huyachanganya maneno haya mawili ya mwisho. Fikiria nyumba. Kuziba bati linalovuja ni kusasisha. Kuhamia nyumba mpya ni kupandisha toleo.

7.3 Aina za masasisho

(i) Masasisho ya usalama. Huziba mianya. Haya ndiyo ya haraka kuliko yote.
(ii) Masasisho ya marekebisho. Huondoa hitilafu za kawaida, kwa mfano programu inayojifunga yenyewe.
(iii) Masasisho ya maboresho. Huleta uwezo ambao haukuwapo.
(iv) Masasisho ya draiva. Draiva ni programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa, kwa mfano printa.

Microsoft hutoa masasisho ya usalama ya Windows kila Jumanne ya pili ya mwezi, utaratibu ulioanza mwaka 2003. Mtunza kompyuta anayeijua ratiba hiyo anaweza kupanga kazi zake.

7.4 Umuhimu wa kusasisha

Katika kujibu, usiishie kutaja. Taja hoja, ieleze, kisha toa mfano.

1. Kuziba mianya kabla wezi hawajaitumia. Mtengenezaji anapotoa kiraka, habari za mwanya huo husambaa. Wahalifu nao hukichunguza kiraka ili wajue kilichozibwa, halafu huzitafuta kompyuta ambazo bado hazijakiweka. Kwa hiyo kompyuta isiyosasishwa huzidi kuwa hatarini kadiri siku zinavyopita baada ya kiraka kutolewa.

2. Kulinda taarifa za watu. Kompyuta ya steshenari hubeba vyeti, namba za NIDA na nywila za wateja.

3. Kuendelea kuzifikia huduma za mtandaoni. Tovuti hubadilisha njia zao za ulinzi, na kivinjari cha zamani huweza kushindwa kuzifungua. Kwa mfano, toleo la 109 ndilo la mwisho la Chrome kufanya kazi kwenye Windows 7. Tangu Februari 2023 matoleo mapya hayaikubali.

4. Kuondoa hitilafu na kuokoa muda. Kompyuta inayoganda mara kwa mara hurefusha foleni na kufukuza wateja.

5. Kuwezesha vifaa vipya kufanya kazi. Printa mpya huhitaji draiva inayoendana na mfumo endeshi.

6. Kutimiza sheria. Hoja hii tutaieleza katika sehemu ya 7.9.

7.5 Kisa cha kujifunza: siku 59

Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba mwanya mkubwa katika sehemu ya Windows inayotumika kushirikiana mafaili kwenye mtandao. Mwezi uliofuata, silaha ya kidijitali ya kuutumia mwanya huo ilivujishwa hadharani.

Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilianza kusambaa. Kilihama kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao bila mtu kubofya kitu chochote. Kila kilipoingia kiliyafunga mafaili kwa msimbo, kisha kikaonyesha tangazo la kudai dola 300 za Marekani kwa sarafu ya Bitcoin. Asiyelipa mapema alidaiwa dola 600. Kwa siku chache kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliambukizwa.

Uingereza iliumia sana. Taasisi 80 kati ya 236 za huduma ya afya ya umma katika England ziliathirika. Ilikadiriwa kuwa miadi ya wagonjwa zaidi ya 19,000 iliahirishwa. Kirusi kilipunguzwa kasi siku ile ile, baada ya mtaalamu kijana wa Uingereza, Marcus Hutchins, kugundua kuwa kilikuwa kikiulizia anwani fulani ya mtandao isiyokuwa na mwenyewe. Alipoisajili, kirusi kikaacha kusambaa.

Sasa piga hesabu. Kuanzia 14 Machi hadi 12 Mei ni siku 59. Kompyuta nyingi zilizoambukizwa zilitumia Windows 7, toleo ambalo wakati huo Microsoft ilikuwa bado inalitolea masasisho. Kiraka kilikuwapo, tena bila malipo. Kilichokosekana ni mtu wa kukiweka.

*Funzo la mtihani:* Ukiulizwa chanzo cha madhara ya WannaCry, usijibu "kirusi" peke yake. Andika kuwa kirusi kilitumia mwanya uliokwisha kupata kiraka, ila kiraka hakikuwekwa kwa wakati.

7.6 Mwisho wa huduma ya toleo

Kila toleo la mfumo endeshi lina siku ambayo mtengenezaji huacha kulitolea masasisho. Kompyuta haizimiki siku hiyo. Itawaka na kuchapa kama kawaida, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Mwanya utakaogunduliwa baada ya siku hiyo kwa kawaida hautazibwa.

Kumbuka tarehe hizi:

- Windows XP: 8 Aprili 2014
- Windows 7: 14 Januari 2020
- Windows 10: 14 Oktoba 2025

Kwa Windows 10, Microsoft iliweka mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa watumiaji binafsi, unaofikia Oktoba 2026. Huo ni muda wa kujiandaa tu.

Windows 11 haikubali kila kompyuta. Pamoja na masharti mengine, huhitaji RAM isiyopungua gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 na kifaa cha ulinzi kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta nyingi za mitumba hazina sifa hizo. Mwenye kompyuta ya namna hiyo anaweza kuweka Ubuntu pamoja na LibreOffice. Zote mbili hupatikana bila malipo, na matoleo ya Ubuntu ya muda mrefu hupata masasisho ya kawaida kwa miaka 5.

7.7 Sababu za kuahirisha, na majibu yake

"Bando litaisha." Sababu hii ina ukweli, kwani masasisho ya mwezi huweza kufika mamia ya megabaiti. Suluhisho ni kupanga. Windows ina mpangilio wa kuiarifu kuwa intaneti unayotumia hulipiwa kwa kipimo, nayo itapunguza kupakua yenyewe. Kisha tenga siku moja kila mwezi, baada ya Jumanne ya pili, upakue kwa bando la usiku au kwenye intaneti isiyo na kikomo.

"Wateja wapo, siwezi kuizima." Pangia muda ambao duka limefungwa. Windows hukuruhusu kutaja saa zako za kazi ili isijiwashe upya katikati yake. Masasisho pia huweza kusimamishwa kwa wiki chache, ila ukisimamisha andika tarehe ya kuyarudisha.

"Umeme utakatika katikati." Umeme ukikatika wakati sasisho linawekwa, mfumo endeshi huweza kuharibika. Tumia kompyuta mpakato yenye chaji ya kutosha, au kifaa cha kuhifadhi umeme kwa kompyuta ya mezani. Angalia salio la LUKU kabla ya kuanza.

"Windows yangu imekrakiwa, nikisasisha itagoma." Programu iliyokrakiwa ni hatari mara mbili. Aliyeivunja ulinzi huweza kuwa ameficha kirusi humo, na mwenye nayo huogopa kusasisha. Tena ni kinyume cha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mwenye fedha kidogo ana njia halali, ambayo ni programu huria kama zilizotajwa juu.

"Sasisho lenyewe huweza kuharibu kompyuta." Ni kweli, huweza. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye kasoro la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows duniani. Ndege zilikwama, benki na hospitali zikasumbuka. Funzo lake ni kutunza nakala rudufu, na kama ofisi ina kompyuta kadhaa, kuanza na moja kabla ya kuzigusa zote. Linganisha na kisa cha WannaCry: kwa CrowdStrike kompyuta zilikataa kuwaka lakini mafaili hayakutekwa, ilhali kwa WannaCry mafaili yenyewe yalifungwa.

"Nitafanya siku nikihitaji." Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Aliyeahirisha hadi siku ya mwisho ya kubadili tahasusi anaweza kukuta mtandao wenyewe haupo.

7.8 Hatua za kusasisha

Swali la "panga kwa mfuatano" hupenda kutoka hapa.

1. Tunza nakala rudufu. Nakili mafaili muhimu kwenye diski ya nje au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ukimaliza, chomoa diski. Ikibaki imechomekwa, kirusi kikiingia kitaifikia pia.
2. Tambua toleo ulilonalo. Katika Windows, bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na R, andika *winver*, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza.
3. Kagua nafasi, umeme na bando.
4. Funga programu zote baada ya kuhifadhi kazi.
5. Fungua mipangilio, kisha Windows Update, na uamuru kompyuta ikague masasisho. Pakua na weka.
6. Washa upya kompyuta. Viraka vingi havianzi kufanya kazi kabla ya hatua hii.
7. Sasisha programu tumizi: kivinjari, programu ya kuzuia virusi, programu ya ofisi, na draiva ya printa ikihitajika.
8. Jaribu. Chapa karatasi moja, fungua tovuti moja, fungua faili moja.
9. Andika kwenye daftari la kompyuta: tarehe, kilichosasishwa, jina la aliyefanya.

*Tahadhari:* Tangazo linalotokea ghafla ndani ya ukurasa wa intaneti likikwambia "kompyuta yako imepitwa na wakati, bofya hapa" huenda ni mtego. Sasisha kupitia mipangilio ya kompyuta yenyewe au tovuti rasmi ya mtengenezaji. Usichukue masasisho kwenye flashi ya mtu usiyemjua.

7.9 Wajibu na sheria

(i) Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023. Inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu kuzilinda. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo inayosimamia.

(ii) Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayeingia katika mfumo wa kompyuta wa mwingine bila idhini. Sheria hiyo humshughulikia mwizi baada ya wizi. Kufunga mlango kabla ya wizi kunabaki kuwa kazi ya mtunza kompyuta.

(iii) TZ-CERT ni kikosi cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Makao ya TCRA Dar es Salaam ni jengo la Mawasiliano, Barabara ya Sam Nujoma, barabara hiyo hiyo inayotoka Mwenge kwenda Ubungo.

7.10 Swali la mfano na majibu yake

Soma mazungumzo haya ya kubuni, kisha jibu maswali.

*Mhudumu:* Kaka, afadhali umekuja. Hii mashine tangu juzi inaniandikia inataka kujiwasha upya, mimi naifunga tu hilo tangazo.
*Fundi:* Pole dada. Mara ya mwisho uliiruhusu lini?
*Mhudumu:* Tangu uliponiwekea hiyo Windows. Wateja wamejaa hapa, nikiizima nusu saa nani atanisubiri?
*Fundi:* Na usiku je?
*Mhudumu:* Usiku nafunga duka nachomoa kila kitu. LUKU yenyewe unaijua.
*Fundi:* Mafaili ya wateja unayaweka wapi?
*Mhudumu:* Humo humo. Vyeti vyao, fomu zao za mkopo, na nywila nimewaandikia kwenye faili moja maana wanasahau.
*Fundi:* Nakala rudufu unayo?
*Mhudumu:* Nakala ya nini tena kaka, si yamo humo?

(a) Taja makosa manne ya mhudumu. (Alama 4)
(b) Nani wataathirika kompyuta hii ikivamiwa? Eleza. (Alama 3)
(c) Mshauri mhudumu njia tatu zinazowezekana katika mazingira yake. (Alama 3)

Majibu

(a) Anafunga tangazo la kuwasha upya, hivyo viraka havikamiliki. Hajasasisha tangu mfumo endeshi ulipowekwa. Ameweka nywila za wateja katika faili moja. Hana nakala rudufu.

(b) Wateja ndio watakaoathirika zaidi, kwani vyeti na nywila zao vinaweza kuibwa au kufungwa, na mwombaji wa mkopo anaweza kupitwa na tarehe ya mwisho. Mwenye duka atapoteza kipato na imani ya wateja. Mhudumu anaweza kulaumiwa kazini.

(c) Achague siku moja ya mwezi, abaki nusu saa baada ya kufunga ili asasishe. Anunue diski ya nje, anakili mafaili kila wiki na kuichomoa. Afute faili la nywila, kila mteja atunze yake, na mafaili ya mteja yafutwe baada ya huduma kukamilika.

7.11 Maswali ya kujipima

1. Tofautisha kusasisha na kupandisha toleo kwa kutumia mfano wako mwenyewe.
2. "Kompyuta yangu inawaka vizuri, sina haja ya kusasisha." Pinga kauli hii kwa hoja nne.
3. Kwa nini diski ya nakala rudufu haitakiwi kubaki imechomekwa?
4. Linganisha tukio la WannaCry (2017) na la CrowdStrike (2024): chanzo, madhara na funzo.
5. Andika ratiba ya mwezi mmoja ya kutunza kompyuta ya ofisi ya shule yako.

Muhtasari

Mfumo endeshi na programu huwa na mianya. Mtengenezaji hutoa viraka, na tangu siku hiyo mhalifu naye anajua pa kutafuta. Kwa hiyo tunza nakala rudufu, sasisha kila mwezi, washa upya, jaribu, andika. Ukienda kubadili tahasusi na kumkuta mhudumu akifunga tangazo la kuwasha upya, mweleze kwa heshima ulichokisoma hapa. Mafaili yaliyomo humo ni pamoja na yako.